Mende, Magunia na Kifua cha Binti Yangu

Paka wetu alifukuzwa nyumbani bila kusikilizwa. Hukumu aliitoa mama yangu mzazi, aliyekuja kukaa nasi msimu wa vuli akamkuta mjukuu wake ameketi kitandani usiku wa manane, mabega juu, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta pumzi. “Ni manyoya hayo,” alisema. Asubuhi yake paka alitiwa kapuni, akapewa kijana wa bodaboda ampeleke kwa shangazi kule Kihanga. Hakuna aliyepinga. Nyaishozi nzima inajua kwamba unyoya wa paka ukiingia kifuani mwa mtoto hautoki.

Paka hakuwa mshtakiwa wa kwanza. Kabla yake ilishtakiwa baridi ya Karagwe, na kweli huku kwetu kuna asubuhi ambazo ukungu hauondoki mapema. Yakafuata mayai, kisha maziwa, kisha karanga. Mjomba mmoja akataja senene. Wapo waliotaja damu ya ukoo wa mke wangu, na mzee mmoja alinivuta pembeni msibani akamtaja jirani kwa jina. Kila mshtakiwa alipoondolewa, binti yangu alikohoa vilevile. Alipotimiza miaka minane alikuwa mtoto asiyekula yai, asiyekunywa chai ya maziwa, asiyecheza nje jioni, na bado usingizi hakuupata.

Nieleze tunavyoishi, maana bila hilo habari hii haitaeleweka. Mimi ni mkulima na mchuuzi wa maharage. Kahawa tunaipeleka AMCOS, chama cha ushirika, kama wengine, lakini maharage huyanunua kwa watu mmojammoja, debe kwa debe, nikayakusanya mpaka lori lije au bei ipande. Nyumba yangu ina sebule, chumba chetu, na chumba kikubwa cha nyuma ambacho tangu nilipojenga kimekuwa ghala na kimekuwa chumba cha watoto. Magunia ukuta huu, vitanda ukuta ule. Msimu ukiwa mzuri magunia huvuka katikati ya chumba, watoto wakalala wameyaegemea. Huku kwetu hakuna anayeona ajabu. Mazao ni mali, na mali hulala ndani na wenyewe. Tetemeko la Septemba 10, 2016, lile la ukubwa wa 5.9 lililobomoa nyumba nyingi za Kagera, liliniachia ufa kwenye ukuta huo wa nyuma, kutoka dirishani mpaka sakafuni. Niliuziba kwa udongo, udongo ukadondoka, na panya wakaupenda.

Matibabu tulikuwa nayo, lakini ya kukimbizana. Kifua kikibana usiku tunapanda bodaboda, mtoto katikati, tunafika kituoni, anavutishwa dawa kwa mashine ya mvuke au anachomwa sindano, anapewa vidonge vya prednisolone vya siku chache, anapata nafuu, tunarudi. Kikohozi kiliporefuka alipimwa kifua kikuu, hakikuonekana. (Baadaye nilisoma kwamba Morogoro, pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limefundisha panya buku kunusa makohozi yenye kifua kikuu. Panya wangu hawakufika shule hiyo.) Alikuwa pia na inhela ya bluu, salbutamol, tuliyoinunua duka la dawa Omurushaka. Hiyo tulimpa kwa kificho, kwa sababu mama aliamini, na si yeye peke yake, kwamba mtu akishazoea pampu ataifuata mpaka kaburini.

Jambo moja lilinisumbua. Shule zikifungwa, binti yangu huenda kwa bibi yake mzaa mama, Nkwenda, wilaya ya Kyerwa. Baridi ya Nkwenda ni hii hii yetu. Bibi anafuga paka, ana mbuzi anayelala karibu na mlango, anapikia kuni. Na mtoto hulala usiku kucha. Upande wa mke wangu walisema ni maombi ya bibi. Bibi mwenyewe alisema ni majani anayomchemshia. Sikuwa na la kuwajibu. Nilichojua ni kwamba akirudi Nyaishozi hazipiti siku nyingi mluzi ule unaanza tena kifuani.

Dada yangu ameolewa Kampala. Yeye ndiye aliyetuambia kuna kliniki ya watoto ambako mtoto wa mwenzake kazini alipimwa ngozi ya mkono, na siku hiyo hiyo wazazi wakaambiwa mwili wake unakataa nini. Kwa simu tulipewa masharti: asipewe dawa za mzio, Piriton wala cetirizine, kwa wiki nzima kabla ya kipimo, inhela aendelee nayo, na tusimlete akiwa amebanwa. Nauli na gharama zilikula bei ya magunia mawili ya maharage, na hapo ndugu wengine walinung'unika: kwenda kuulizia mzio Uganda! Tulipita Omurushaka, tukaikata Kyerwa mpaka Murongo, tukavuka Mto Kagera kuingia Kikagati, kisha Mbarara, mpaka Kampala. Mnyambo kama mimi akifika Mbarara hapotei. Kinyambo na Kinyankole ni lugha ndugu, na kondakta alidhani tumetoka kijiji cha jirani. Daktari naye, mama wa makamo, alikuwa Mnyankole. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana mengi aliyotueleza nisingeyashika kwa Kiingereza changu cha darasa la saba.

Kipimo chenyewe ni kidogo kuliko sifa zake. Muuguzi alimfuta binti yangu mkono upande wa ndani, akaandika namba kwa kalamu, na kando ya kila namba akadondosha tone. Kila tone lilikuwa na kitu chake: utitiri wa vumbi, mende, paka, mbwa, ukungu wa kuta, chavua za nyasi. Juu ya kila tone alichoma kwa ncha fupi isiyotoa damu, kila tone na ncha yake. Matone mawili hayakuwa ya kitu chochote cha nyumbani. Moja lilikuwa maji ya chumvi, ambayo hayatakiwi kuamsha chochote. Jingine lilikuwa histamini, kemikali ile ile ambayo mwili wenye mzio huimwaga ukikutana na adui wake, na hiyo lazima ivimbe. Maji ya chumvi yakivimba, ujue ngozi hiyo huvimba ovyo na haifai kuaminiwa. Histamini isipovimba, mtoto amepewa Piriton. “Mngempa jana,” daktari alisema, “leo mkono ungekaa kimya, na washtakiwa wote tungewaachia huru.” Pembeni palikuwa na adrenalini tayari, kwa kuwa mara chache sana mwili mzima hushtuka.

Tukangoja dakika 15. Kujikuna ni marufuku. Binti yangu aliuma midomo, akajikunja, akaanza kuimba kwa sauti ya chini nyimbo za shule. Mimi nilikuwa nimekodolea macho namba ya paka.

Paka hakuvimba. Ngozi pale ilibaki ilivyokuwa. Utitiri, wale wadudu wasioonekana kwa macho wanaoishi kwenye magodoro na kula magamba ya ngozi zetu, ulitoa kivimbe cha milimita 4. Mende alitoa milimita 8, kivimbe cheupe chenye wekundu pembeni, kikubwa kuliko cha histamini yenyewe. Daktari alipima kwa rula ya plastiki, akaeleza kwamba kuanzia milimita 3 zaidi ya maji ya chumvi huhesabiwa kwamba ngozi imeitika.

Nikauliza panya. Tone la panya hawakuwa nalo. Damu ingeweza kuchukuliwa ipelekwe maabara kubwa, kwa pesa nyingine. Nikamwuliza kama majibu hayo yangebadilisha kitu chochote atakachotuagiza. Akacheka. “Hapana, baba. Panya mtamtoa tu.” Damu hatukupima, na mpaka leo naona ulikuwa uamuzi wa maana kuliko mengi niliyofanya safari ile: kipimo kisichobadilisha utakachofanya ni pesa iliyotupwa.

Nilitaka kuondoka na jibu langu. Daktari hakuniachia. Alisema wapo watu wengi ambao ngozi zao huitikia mende na vifua vyao ni vizima, kwa hiyo kivimbe peke yake si ugonjwa. Anachotafuta ni kuona kama mkono wa mtoto na maisha ya mtoto vinasema jambo moja. Anabanwa usiku au mchana? Nyumbani au shuleni? Analala wapi, na chumbani mna nini kingine? Nikataja magunia. Na kwa bibi? Nikasema bibi hana biashara, mavuno yake yako kibandani nje. Daktari aliendelea kuandika. Mke wangu ndiye aliyemaliza maneno. “Kwa mama hakuna mende,” alisema, polepole, akinitazama mimi.

Aliuliza pia minyoo. Kuna protini iitwayo tropomayosini, imo kwenye mende, kwenye utitiri, kwenye kamba wa baharini, na kwenye minyoo mirefu ya tumboni pia. Inafanana kiasi kwamba kinga ya mwili huweza kuichanganya, na mtoto wa kijijini mwenye minyoo anaweza kupimwa damu akaonekana ana mzio wa mende ambao kifua chake hakiujui. Ndiyo maana yeye hupenda kuanza na ngozi, na hata ngozi haiamini bila kuuliza maswali. Kisha akauliza kama binti yangu anakula senene. Nikadhani anatania, anatujua watu wa Kagera. Hakuwa anatania. Senene ni mdudu, ana tropomayosini yake, na wapo wenye mzio wa mende au utitiri ambao wakimla huwashwa midomo au huvimba. Je, huyu aliwahi? Kabla mjomba hajamkataza alikuwa akila kwa vikombe, bila hata mwasho. “Basi mrudishieni senene wake,” alisema, “na mayai, na maziwa, na karanga.” Chakula ambacho mtoto amekila miaka yote bila kuvimba, kutapika wala kutoka vipele hakuna sababu ya kumnyima kwa ajili ya pumu. Mke wangu alifuta machozi. Nadhani ni kwa ajili ya mayai.

Sasa mende. Mimi nilikuwa nikidhani ubaya wake ni miguu yake kutoka chooni. Kwa pumu ubaya ni kinyesi chake, mate yake na magamba anayojivua akikua. Vyote hukauka, hupondeka, huwa vumbi. Vumbi hilo ni zito, halielei muda mrefu. Hutua kwenye godoro, kwenye blanketi, kwenye gunia, likangoja mtu ajigeuze kitandani au ashike ufagio. Mtoto ambaye kinga yake imejipanga dhidi yake akilivuta, njia za hewa huvimba ndani, hujibana, hujaa makamasi. Na mende akifa vumbi lake halifi naye, hukaa miezi. Panya yeye ubaya wake umo kwenye mkojo, na chembe zake ni nyepesi, hupeperuka nyumba nzima.

Nilishangaa zaidi kusikia haya yamejulikana siku nyingi. Tangu mwaka 1964 madaktari wa Marekani, Bernton na Brown, walichapisha habari za mzio wa mende. Mwaka 1997 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa Rosenstreich na wenzake juu ya watoto 476 wenye pumu, wa miaka 4 hadi 9, kutoka mitaa ya kimaskini ya miji ya Marekani. Asilimia 36.8 ngozi zao ziliitikia mende. Walioitikia paka walikuwa asilimia 22.7. Vyumba vya kulala vya nusu ya watoto hao vilikuwa na vumbi jingi la mende. Na wale waliokuwa na mzio wa mende na vumbi hilo chumbani kwa pamoja ndio waliolazwa hospitali mara tatu na zaidi kuliko wenzao. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mzio bila mende chumbani haukuleta balaa hilo, wala mende bila mzio. Madhara yalikuja vilipokutana chumba kimoja. Hapo ndipo nilipoielewa Nkwenda.

Uganda nao wametafiti. Harriet Mpairwe na wenzake walichapisha mwaka 2019 habari za wanafunzi wa wilaya ya Wakiso, inayoizunguka Kampala, na wakaona kwamba watoto waliozaliwa mjini walikuwa na hatari kubwa zaidi ya pumu kuliko waliozaliwa kijijini. Binti yangu alizaliwa Mwanza, tulikokuwa tumepanga chumba, na tulirudi Nyaishozi alipokaribia kuanza shule. Sisemi Mwanza ndiyo iliyompa pumu. Chembe za urithi zina sehemu yake, na mambo mengine pia. Ila tangu siku ile damu ya ukoo wa mke wangu haitajwi tena nikiwa nimekaa.

Kurudi nyumbani kulikuwa na ugumu ambao sikuutarajia. Mke wangu hakutaka mtu ajue. Baridi unaweza kuitaja mbele ya watu, paka unaweza kumtaja, hata uchawi watu watakuonea huruma. Lakini ukisema mtoto anaugua kwa sababu ya mende, macho yote yanamgeukia mama wa nyumba. Watasema hafagii. Watasema vyombo vinalala bila kuoshwa. Na huyu ni mwanamke ambaye sakafu yake unaweza kulia chakula! Alifagia asubuhi na jioni, na kumbe, kwa maelezo ya daktari, kufagia kwenyewe mtoto akiwa chumbani kulikuwa kukimwinulia vumbi puani. Mende hawakuja kwa uchafu wake. Walikuja ndani ya magunia, kutoka nyumba za watu niliowanunulia, wakapata joto, chakula, ufa wa ukutani na giza. Magunia yalikuwa ya nani? Kwa hiyo jumuiya ilipokutana kwetu na wanawake wakauliza Kampala wamesema nini, nilijibu mimi kabla hajafungua mdomo: ni magunia yangu. Wanaume wawili watatu walitazama chini. Nao wana magunia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuyatoa. Nilijenga banda la matofali ya kuchoma nyuma ya nyumba, lenye uchaga ulioinuliwa, milango ya mbao yenye bati chini. Maharage ya kungojea bei sasa yanakaa kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya tabaka tatu inayofungwa hewa isipite. Wadudu wa maharage hufa humo kwa kukosa hewa, na mende hana cha kufuata. Hasara ilikuwepo, sitaificha: msimu ule nilinunua mzigo mdogo kuliko kawaida yangu, kwa sababu pesa ilikuwa kwenye matofali.

Ya pili ilikuwa mende wenyewe. Kila mwanamume wa Nyaishozi ana ushauri juu ya mende, na ushauri wote unaishia kwenye bomba la kupulizia. Tunakumbuka wote ile dawa ukoko ya malaria iliyopuliziwa kwenye kuta zetu, Karagwe ikiwa miongoni mwa wilaya za kwanza za bara pamoja na Muleba, na jinsi wadudu wengine nao walivyodondoka. Jirani mwema aliniletea dawa ya shambani, ya kahawa, niichanganye na maji nipige chumba kizima. Daktari alikuwa amekataza kabisa: harufu ya dawa hizo peke yake inatosha kumbana mtoto mwenye pumu, na dawa ya shamba ndani ya chumba cha kulala ni sumu kwa kila mtu. Alitupa njia nyingine. Karatasi za gundi kwanza, si za kuwamaliza bali za kutuonyesha wanakaa wapi. Tuliziweka jioni. Chini ya vitanda walinasa wachache. Nyuma ya kabati la vyombo walinasa wengi. Waliojaa kupita wote walikuwa nyuma ya king'amuzi cha televisheni, mahali penye joto usiku na mchana, ambapo hakuna ufagio uliowahi kufika. Hapo ndipo tulipoweka chambo cha jeli, tone dogo dogo, kwenye nyufa na bawaba, mbali na mikono ya watoto. Mende hula, hurudi kufa maskani kwao, na wengine hula mizoga na vinyesi vya waliokula, nao hufa. New Orleans, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, chambo peke yake kiliwekwa kwenye nyumba za watoto wenye pumu, na mende walipungua na siku za kubanwa zikapungua pia.

Ufa niliuziba kwa saruji na nyavu za chuma, safari hii fundi akaufanya. Godoro la binti yangu tulilivika jalada la plastiki lenye zipu kwa ajili ya utitiri, mashuka yanafuliwa kwa maji ya moto, sakafu inapigwa dekio lenye maji kabla ya ufagio, na watoto wakiwa nje. Kuni zimehamia jiko la nje kabisa, kwani moshi haungoji mzio. Unaweza kumbana mwenye pumu yeyote. Paka alirudi kutoka Kihanga, mnene, hataki hata kutuangalia. Mama alimpokea kwa kunyamaza siku kadhaa, kisha nikamkuta anamtupia vichwa vya dagaa.

Lakini mtu akisoma haya akadhani mende walipoondoka pumu iliondoka, atakuwa amenisoma vibaya. Binti yangu bado ana pumu. Jambo ambalo lilibadilisha usiku wetu mapema kuliko banda na kuliko chambo ni inhela ya pili, ya kahawia, beclomethasone, anayovuta asubuhi na jioni hata akiwa mzima, kwa sababu inatuliza uvimbe wa ndani ambao ile ya bluu haiugusi. Hofu ya kuzoea ilimtoka hata mama baada ya daktari kuongea naye kwa simu kwa Kinyankole, shikamoo nyingi kwanza. Na binti yangu anavuta kupitia chupa. Chupa ya maji ya plastiki, ya nusu lita, imetobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa inhela, pembeni pamezibwa hewa isivuje. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa na kupumua taratibu. Heather Zar na wenzake walijaribu chupa kama hiyo Cape Town, kwa watoto waliobanwa, wakachapisha kwenye Lancet mwaka 1999 kwamba ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununua. Yetu imechorwa maua kwa kalamu ya wino.

Nimesoma pia yanayopunguza majivuno. Marekani mwaka 2004 walitoa matokeo ya watoto 937: familia zilifundishwa kuondoa kile hasa ambacho ngozi ya mtoto wao iliitikia, na siku za kubanwa zikapungua kweli, ingawa hazikwisha. Kisha mwaka 2017 wengine wakajaribu panya, watoto 361 wa Baltimore na Boston, nusu wakiletewa wataalamu wa kuua panya na nusu wakipewa mafunzo tu, na makundi yote mawili yakalingana. Kwa hiyo sidai kwamba najua ni kipi kati ya banda, chambo, jalada la godoro na inhela kimefanya kazi gani. Tulivifanya vyote. Msimu wa mvua uliopita alibanwa usiku mmoja vibaya. Tulimpa bluu kwa chupa, tukangoja, tukampa tena, akalala. Bodaboda haikuitwa.

Juzi mwanamume mmoja kutoka Ihembe, tunayefanya naye biashara, alinikuta mnadani akaniuliza bei ya kipimo na mahali pa kushukia Kampala. Mtoto wake wa kiume ana miaka sita. Nikamwuliza kama ana inhela ya kahawia. Hana, ana vidonge vya salbutamol tu. Nikamwuliza mtoto analala wapi. Akafikiri kidogo, akaniambia kwenye chumba cha kahawa ya maganda, juu ya magunia kabisa, kwa sababu pana joto. Nikamwambia nauli ya Kampala aiweke kwanza, wiki hii ampeleke mtoto kwa daktari Kayanga aulizie dawa ya kila siku, na leo usiku ahamishe godoro.